Mfungwa akiugua gerezani, anaugua peke yake?

Nahodha: Wakuu, tujadili hili. Shirika la Afya Duniani linasema maambukizi ya kifua kikuu magerezani ni zaidi ya mara 10 ya uraiani. Na wafungwa wengi mwisho hutoka, wanarudi nyumbani na walichokibeba. Kuwasonga watu chumba kimoja kisicho na hewa, tunamwadhibu nani hasa?

Kipanga: Adhabu ni adhabu. Aliyeibiwa akiugua anajilipia, mwizi anatibiwa bure. Na wake zao wasitulilie, walikula naye cha wizi.

MamaWawili: Kipanga, hiyo ya mwisho ifute. Mume wangu alikaa mahabusu miaka miwili, kisha kesi ikafutwa. Nilikula nini cha wizi? Presha niliipatia kwenye mabenchi ya mahakama. Mwanangu alirudia kukojoa kitandani akiwa na miaka 9. Sisi hatukufungwa.

Kipanga: Pole dada, sikukutaja. Nimesema kwa ujumla.

MamaWawili: Humo kwenye ujumla wako ndimo nilimo.

Tabibu: Hiyo ya "bure" imo kwenye Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, 2015, namba 24 kama sikosei: mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile cha uraiani, bila malipo. Hakimu humhukumu mtu miaka, hamhukumu kifua kikuu.

Mstaafu: Askari mnatusahau. Nimefanya kazi humo miaka 22, tunavuta hewa ile ile. Nilikohoa miezi miwili kabla ya kupimwa, na mama yangu nilikuwa nakaa naye. Akaugua yeye pia.

Kipanga: Mzee wangu, nyinyi mlikuwa mnalipwa.

Mstaafu: Mama yangu alikuwa halipwi, kijana.

Nahodha: Kuna na siku za kutoka. Utafiti wa Jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba wiki 2 za kwanza baada ya kuachiwa hatari ya kufa ni karibu mara 13 ya watu wengine. Wengi huzidisha dawa za kulevya: mwili umeshazoea kukaa bila, mtu anarudia kipimo chake cha zamani.

Kipanga: Hao wamejitakia.

Kisiki: MamaWawili, samahani, ulimsubiri miaka yote miwili? Wengi huondoka.

MamaWawili: Nilimsubiri. Alirudi hawezi kulala taa ikizimwa. Mlango ukigongwa anasimama wima. Hakuna aliyempima hilo siku anatoka, walimpa nguo zake tu.

Kisiki: Hongera. Ingekuwa mke ndiye kafungwa, wanaume wangapi wangesubiri?

Tabibu: Swali zuri, wachache sana.

Mstaafu: Siku za kuwatembelea wanawake foleni ilikuwa fupi. Waliokuja wengi ni mama zao na dada zao.

Nahodha: Jamani, mada ni afya.

Kisiki: Kukaa miaka bila kutembelewa si afya hiyo?

Kipanga: Dada, ile ya cha wizi naifuta. Ya bure siifuti.