KILE KIJIKO CHA MAZIWA! Hivi hawa waliotengeneza ile filamu wamewahi kumwona bundi?

Bawa Kushoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, televisheni bado ina moto na mimi bado nina moto. Mnaijua, nchi nzima tumeitazama usiku huu, ile ya mtoto na bundi. Jina silitaji, wasije wakapata watazamaji wengine kwa mgongo wangu.

Kile kijiko! Mtoto anamwokota bundi kwenye majani makavu, bawa linaning'inia. Anampanua mdomo kwa vidole viwili, anamiminia kijiko KIZIMA cha supu, kimejaa maziwa ya ng'ombe. Vinanda vinalia. Bundi anafumba macho taratibu. Mama mtu analia, baba mtu analia, mpaka mbwa wao nadhani alilia.

Yule bundi hakufumba macho kwa upendo! Bundi aliyejeruhiwa akifumba macho mikononi mwa mtu, hiyo ni hofu na maumivu. Na tundu la mrija wake wa hewa liko palepale kwenye shina la ulimi, wazi kabisa, ukimpanua mdomo unaliona. Ukimimina kitu hapo kinashuka kwenye mapafu. Bundi wa uso mweupe ana gramu kama 300 hivi. Kijiko cha supu ni mililita 15. Pigeni hesabu wenyewe: hiyo ni asilimia 5 ya uzito wake. Ni sawa na kumlaza chali mtoto wa kilo 20, ukammiminia lita nzima kooni kwa mkupuo mmoja, halafu ukaita wapiga vinanda.

Na hata kama yasingemzamisha, yangemharisha. Ndege hawezi kusaga sukari iliyo kwenye maziwa, kwa sababu ndege hanyonyi! Hilo hata kuku wa uani analijua.

Kinachotakiwa ni katoni. Toboa matundu, tandika taulo, muweke ndani, funga. Giza na kimya. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa ikae upande mmoja tu wa katoni, ili akizidiwa na joto awe na pa kusogea. Asipewe chakula, asipewe maji, asipapaswe, apelekwe kwa daktari wa wanyama. Akiwa amekauka na kukonda, huanza na maji yenye chumvi ya vipimo, ya joto la mwili, na daktari ndiye humpa, chini ya ngozi au kwa mpira unaopita koo mpaka tumboni. Filamu ya saa nzima na dakika arobaini imekosa sekunde kumi za katoni. Na katoni ILIKUWEPO, ipo nyuma ya mlango wakati kijiko kinapanda!

Skafu waliyomfunga kifuani nayo ni balaa. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, anavuta hewa kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Ukikaza skafu hapo umemnyonga. Bawa hukunjwa lilivyokunjwa na Mungu, likafungwa bandeji laini inayojishika yenyewe, kwa mzunguko wa namba nane, kidari kikabaki huru.

Lakini kijiko, wakuu. Kijiko!

Mzee wa Banda Umiza

Mkuu, kanywe maji ulale. Watoto wametazama, wamefurahi, wamelala. Wewe peke yako Afrika Mashariki yote umekesha na kijiko. Isitoshe bundi mwenyewe ni wa kompyuta.

Bawa Kushoto

Kama ni wa kompyuta ndiyo vibaya zaidi, maana kumweka kwenye katoni kusingewagharimu hata senti. Na hao watoto waliofurahi ndio kesho wataokota kinda chini ya mwembe na kukimbilia kabati la vijiko.

Mama Kipanga

Namuunga mkono mwanzisha uzi, ila kaishia njiani. Ile nyama ya kusaga hamkuiona? Bundi humeza panya mzima, na mifupa na manyoya, kisha hutapika kidonge cha mabaki. Mifupa ndiyo inayompa madini ya chokaa. Ukilea kinda la bundi kwa steki tupu, miguu inapinda kama waya.

Halafu wiki ya pili anaruka! Kweli mfupa wa ndege huunga upesi, wiki mbili hadi tatu, lakini bawa lililofungwa muda wote huo hukakamaa. Daktari hulifungua kila baada ya siku chache na kulinyoosha ndege akiwa kwenye dawa ya usingizi. Na manyoya ya kurukia yaliyokatika hayaoti tena mpaka kishina kidondoke chenyewe, kwa bundi inaweza kupita mwaka. Wataalamu hupandikiza: wanachukua nyoya la bundi mwingine wa aina ileile, wanachomeka kijiti cha mwanzi ndani ya kishina, wanatia gundi. Yule wa jana alikosa manyoya matatu makubwa na bado akapanda mawinguni.

Na walimrusha saa sita mchana, kwa kumtupa hewani kama mpira! Bundi huachiwa magharibi, karibu na alipookotwa. Unafungua kisanduku, unarudi nyuma, anatoka akitaka mwenyewe. Kabla ya hapo awe ameshathibitisha kwamba anaweza kukamata panya hai.

Swala wa Nyika

Bundi ana nafuu. Mbona hamsemi ile nyingine ya mtoto na swala mchanga "yatima"? Yatima wapi! Mama swala humficha mtoto kwenye nyasi na kwenda malishoni kwa masaa, humrudia kumnyonyesha. Yule mtoto wa filamu ameiba. Na hakuna hata mara moja wanaonyesha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu cha kumfuta nyuma baada ya kula. Mama yake humlamba hapo ndipo apate choo. Usipomfuta, tumbo linajaa na anakufa huku chupa ya maziwa iko mdomoni.

Tsavo Mashariki

Za tembo ndiyo zinaniua mimi. Mtoto mmoja, ndoo moja ya maziwa ya ng'ombe, mapenzi tele. Jameni! Daphne Sheldrick, yule mama wa Kenya aliyelea tembo yatima, alihangaika miaka mingi pale Tsavo, watoto wa tembo wakimfia, mpaka alipopata mchanganyiko wa maziwa ya kopo ya watoto wachanga yenye mafuta ya nazi. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yanawaharisha. Chupa ni kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Na hayo mapenzi ya mtu mmoja ndiyo sumu: Aisha, kitoto alichokilea mwenyewe, kilikufa alipoondoka kwa muda mfupi kwenda kwenye harusi ya binti yake. Ndiyo sababu walezi wa kituo chake cha Nairobi hupokezana hata kulala nao.

Daktari wa Mifugo

Mbweha, ndugu zangu. Yule mbweha anayemng'ata mtoto kidole, halafu wanakumbatiana. Mnyama wa porini anayemsogelea mtu bila woga mshuku kichaa cha mbwa kwanza. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza, karibu wote hufa.

Pweza Mkavu

Na nyangumi wa ile filamu ya 1993, Free Willy? Keiko, nyangumi mwenyewe aliyeigiza, baada ya makofi yote, alirudishwa baharini kupitia Iceland. Mwaka 2002 akaogelea mpaka Norwe, na alipofika akatafuta watu badala ya nyangumi wenzake. Akafa Desemba 2003 kwa homa ya mapafu. Hiyo sehemu hawaitengenezei mabango.

Bawa Kushoto

Asanteni, lakini turudi kwenye kijiko.

Mzee wa Banda Umiza

Kijiko kimekuwa mkwe wako sasa.

Bi Mwanahawa

Wanangu, huku kwetu bundi akitua paani anapigwa mawe kwamba kaleta uchuro. Angalau mtoto yule alimshika kwa huruma. Kijiko anaweza kufundishwa.

Bawa Kushoto

Shikamoo bibi. Huruma naikubali. Ndiyo maana nataka aonyeshwe katoni.

Fundi Sauti

Wote mnamwonea mtoto. Mwenye kesi ni mtafsiri wa nakala ya banda la video, yule anayeingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu! Filamu nzima anamwita bundi "mwewe". Mtafsiri anayeheshimu kazi hutazama filamu mara mbili kabla ya kuingiza sauti, na sauti ya asili huishusha pale tu anapoongea. Yule aliishusha mwanzo hadi mwisho. Hivyo vinanda mnavyovisema kwenye nakala ya banda havisikiki kabisa.

Mama Kipanga

Na tai! Kila tai wa filamu za Marekani ana sauti ya kipanga mwenye mkia mwekundu. Tai wao mwenye kichwa cheupe hulia kwa sauti nyembamba kama kifaranga.

Kaka Dishi

Afadhali nyie mnasikia. Haya madishi ya sentimita 60 manyunyu yakidondoka tu picha inaganda.

Fundi Sauti

Manyunyu hayagandishi picha. Maji yameingia kwenye kiunganishi cha waya pale kichwani. Zima king'amuzi, fungua, kata sentimita mbili tatu za waya ulioshika kutu, menya upya, kaza kwa mkono, zungushia mkanda. Acha waya ulegee kidogo chini ya kichwa, maji yadondokee hapo.

Bawa Kushoto

Jamani, kijiko.

Kaka Dishi

Mkanda upi, mweusi wa umeme au ule mweupe wa mafundi bomba?

Fundi Sauti

Mweusi wa mpira unaojigandisha wenyewe. Mweupe hauna gundi, utafumuka.