Kundi la Majirani: kalavati liwekwe wapi?

Mwenyekiti: Mbukwenyi majirani. Jumamosi saa 4 asubuhi mkutano wa mtaa, pale pale chini ya mbuyu. Tunapanga vipaumbele vya kupeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kalavati la kuvukia korongo tuombe sehemu moja tu, kona ya juu kwa Baba Rehema au bondeni. Tukitaja kila kona tutaambiwa turudi tukajipange.

Baba Rehema: Salama mwenyekiti. Hapo sioni mjadala, ni kona ya kwangu. Mwezi wa pili kila mtu humu alilalamikia kona ile. Pandeni juu msome.

Mwalimu Happy: Kila mtu *humu*, kaka.

Baba Rehema: Una maana gani mwalimu?

Mwalimu Happy: Waliomo humu karibu wote ni wa barabara ya juu. Bondeni kwa wapangaji yumo nani? Mama Eliya peke yake, na bando likiisha hatumpati. Ukihesabu malalamiko ya kundi umehesabu wenye simu janja, wanaovuka korongo bado.

Mama Eliya: Leo nipo 🙋🏾‍♀️

Fundi Bomba: Si tulihesabiwa sensa jamani? Wachukue zile.

Mwalimu Happy: Sensa iliandika waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022. Kujua tuko wangapi inatosha. Jiji la Dodoma 2012 lilikuwa na watu 410,956, mwaka 2022 tukawa 765,179. Ila karani hakuuliza mwanao anavukia wapi kwenda shule mvua ikinyesha. Halafu vyumba vingi vya bondeni vimejengwa baada ya hapo.

Mwenyekiti: Kweli kabisa. Sensa inapita, bondeni palikuwa mashamba ya mtama.

Mama Eliya: Ndo maana leo mimi na Mwalimu tuliamka na madaftari. Yeye kona ya juu, mimi huku mchangani, saa 12 mpaka saa 2 asubuhi. Kila anayevuka mstari mmoja, wa tano unakata ile minne. Watoto wa sare ukurasa wao, boda na bajaji wao, wenye mizigo wao.

Baba Rehema: Mkapata?

Mama Eliya: Watoto wa sare huku chini 63, juu 11. Vyombo vya moto juu ni vingi kuliko kwetu, hilo sikatai.

Baba Rehema: Asubuhi moja hiyo! Tena kiangazi, korongo kavu hata mbuzi anapita. Njooni mhesabu Januari.

Mwalimu Happy: Hapo umesema. Babu, shikamoo. Tuambie maji yanavyokuja.

Babu wa Mbuyuni: 🎤 Ujumbe wa sauti

Mwalimu Happy: Marahaba yake nimeisikia 😄 Kwa wasio na bando la sauti: Babu anasema kona ya juu kuna mteremko, maji yanashuka kwa fujo lakini mvua ikikatika hayakawii kupungua. Huku chini mikondo miwili inakutana. Maji yakishaondoka mchanga unabaki laini, pikipiki inazama mpaka kesho yake.

Fundi Bomba: Babu hajakosea. Bondeni ukuta wa choo cha wapangaji una alama ya tope, unafika kiunoni. Kwa Baba Rehema alama iko tofali la kwanza.

Baba Rehema: Kwangu umepima lini wewe?

Fundi Bomba: Siku ile ya koki. Ambayo bado nadai.

Isaka wa UDOM: Dar walifanya kitu kama hiki, Ramani Huria, ilianza 2015. Wanafunzi wa vyuo na wenyeji walipita mitaani kwa miguu, wakaweka mitaro na sehemu za mafuriko kwenye OpenStreetMap. Ile ramani ni ya wote, ukiwa na simu unaongeza. Naweza kuweka vivuko vyetu viwili leo jioni.

Mama Eliya: 📷 Picha

Mwalimu Happy: Mama Eliya futa haraka! Umepiga na ule ukurasa wa majina, namba za simu na nani ana mgonjwa ndani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hata isingekuwepo, watu walituambia sisi, hawakuliambia kundi.

*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Eliya: 📷 Picha
Hii mistari tu.

Mwenyekiti: Safi. Mwaka jana tuliandika "barabara ni mbovu". Kila mtaa uliandika hivyohivyo, sasa kata ingemchagua nani? Safari hii andikeni tarehe, saa, nani alihesabu, alikaa wapi. Msiite takwimu rasmi, iteni hesabu ya wakazi. Na 63 ibaki 63, nisimsikie mtu kule anasema "karibu mia". Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla, tukichelewa tumekosa.

Baba Rehema: Mimi bado napinga. Gari la mgonjwa linapita kwangu. Boza la maji kwangu. Kona ile ikikatika, hata hao wa bondeni hawafikiwi. Mistari yenu inampa mgonjwa mmoja uzito sawa na mtu aliyefuata vitumbua.

Mwalimu Happy: Hiyo hoja ina nguvu kuliko ya malalamiko. Iandikwe. Daftari haliamui, mkutano ndio unaamua.

Mama Eliya: Ila mwezi wa pili jirani yangu alishikwa uchungu, gari likasimama juu na yeye akavushwa mgongoni. Na hilo liandikwe.

Mwenyekiti: Yote mawili yataandikwa. Baba Rehema, kesho kona ya juu kaa wewe na daftari.

Baba Rehema: Nakaa. Na ninahesabu abiria waliomo ndani ya bajaji, sihesabu bajaji.

Mama Eliya: Sawa, na mimi watoto wa mgongoni nawahesabu.

Fundi Bomba: Mimi nawaletea futi kamba mpime upana. Ni ya mita 5, korongo la chini tutapima kwa vipande.