Jackie Kennedy aliokoa majengo kweli au alileta kamera tu?

Wakuu, kuna jamaa kadai Jackie Kennedy, yule mke wa rais wa Marekani John Kennedy, anapewa sifa za bure, eti kwenye kuhifadhi majengo ya kale alikuwa sura tu, kazi walifanya mawakili. Mi nakataa. Chukua stesheni ya Grand Central pale New York, sheria ya jiji ya kulinda majengo ipo tangu 1965 na stesheni ikaingizwa kwenye orodha 1967, lakini kampuni ya reli ya Penn Central wenye mali wakataka kupandisha mnara wa ghorofa 55 juu yake, wakaenda kortini na 1975 wakashinda. Jiji lenyewe mwaka huo lilikuwa hoi kifedha, linaogopa rufaa. Hapo ndo mama akamwandikia meya Abe Beame akimsihi, akasimama mbele ya waandishi, na rufaa ikakatwa. Wakili mzuri atakusaidia nini kama mteja kashanywea?

—

Mkuu unakwepa swali. Penn Central walishafilisika 1970, mali ni yao, halafu Jackie, wakati huo kashaolewa na Onassis tajiri wa meli, anawaambia msijenge. Uzuri wanafaidi wapita njia wote, hasara anabeba mwenye nyumba peke yake. Haki hapo iko wapi?

—

Nusu nakubali. Ila Mahakama ya Juu 1978, majaji 6 kwa 3, ililipa jiji ushindi, ikaona stesheni bado inaweza kuingiza hela kama stesheni, na ile haki ya kujenga juu wangeweza kuihamishia viwanja vya jirani, kwa hiyo hawakuachwa mikono mitupu. Na watu wa New York walikuwa na kidonda bado, Penn Station ya zamani, stesheni nyingine ya jiji hilo, ilianza kuvunjwa 1963 wakiangalia.

—

Mmesahau White House jamani, ikulu ya Marekani. Jackie alianza kuirudishia sura ya kale 1961, akatafuta fenicha za marais wa zamani, Februari 1962 akatembeza Wamarekani vyumbani kwa tivii, na sheria ya 1961 ikalinda vile vitu pamoja na hadhi ya kimakumbusho ya vyumba vikuu. Lakini jengo lenyewe halibanwi na sheria ya taifa ya uhifadhi ya 1966, limetolewa humo kabisa, ndo maana Oktoba 2025 East Wing, upande wake wa mashariki, imevunjwa kupisha ukumbi wa dansi. Yani kiti kina sheria, ukuta hauna! Wewe wa haki ya mwenye nyumba, pale mwenye nyumba ni nani, rais au wananchi?