Naomba ushauri: kupanga vijana kwenye huduma kulingana na karama
Bwana asifiwe wapendwa. Kanisani kwetu Kayole, Nairobi, vijana 24 wamemaliza darasa la karama, yaani vipawa ambavyo Mungu humpa kila mtu ili awahudumie wengine. Tulipitia Warumi 12:6-8 na 1 Petro 4:10-11, kisha kila mmoja akajaza fomu ya kuchagua huduma. Basi 17 wakachagua kusifu na kuabudu! Darasa la watoto halina mtu, na viti vya plastiki bado hupangwa na mama mmoja kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Nahisi fomu inapima anachopenda mtu kuonekana akifanya, si alichopewa. Tumejaribu kuwazungusha wiki mbili mbili kila huduma, ila wenye zamu za usiku viwandani hukosa nusu.

Je, majaribio yachukue muda gani? Na karama ithibitishwe na nani: wazee wa kanisa, au wanaohudumiwa?