Tupeane uzoefu: ulipotamba hadithi mbele za watu, nani alikuitikia?

Baba Wawili, Tanga

Habari za usiku wadau. Nina jambo linanikera, naomba msaada wa waliopita njia hii.

Hapa kwetu Ngamiani tulifiwa na bibi mmoja jirani mwishoni mwa mwaka. Usiku wa matanga, watu wakikumbushana vituko vya marehemu, ikaonekana kila mtu mzima pale ana hadithi aliyoisikia kwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisimulia kwa wanawe. Mama muuza vitumbua akasema basi tukutane kila Ijumaa baada ya isha, watoto waje, wakubwa watambe. Mimi kwa kimbelembele changu nikajitolea kupanga.

Nilipanga kweli. Nikaazima viti vya plastiki, nikaviweka mistari. Kijana mmoja akaleta spika na kipaza sauti. Wiki ya kwanza tulikuwa kama 40. Nikasimama mbele, nikaita, "Hadithi hadithi!" Wakanijibu watatu, mmoja wao mke wangu. Nikaendelea hivyo hivyo na sungura wangu na fisi wangu. Watu walinitazama kama wanasubiri mganga mkuu amalize hotuba wachanjwe. Wiki ya nne tulibaki 9, na wawili kati ya hao ni wanangu, niliwakokota.

Hadithi ninazijua na sauti ninayo. Sasa kasoro iko wapi? Mliowahi kutamba kwenye kikundi, msikitini, kanisani, kwenye chama, popote, leteni yaliyowakuta. Ila nadharia sitaki. Fanani, hadhira na mandhari tulivikariri sekondari, tukafaulu, na hakuna darasani aliyeweza kusimulia hata moja.

Mjukuu wa Wete

Viti mistari tena? Hapo ndipo ulipowapoteza, kaka.

Mimi nimelelewa Pemba, na hadithi kwetu ilikuwa na msimu wake: msimu wa karafuu. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, jioni magunia yanashushwa uani, na usiku ni kuchambua. Asiyejua ajue kwamba karafuu huchumwa na vikonyo vyake, lazima uitenge moja moja kabla ya kuianika kesho yake. Kazi haina uzito, ila haiishi, na usingizi ndiyo adui. Bibi yangu (Mungu amrehemu) alikuwa anakaa katikati ya jamvi, taa ya chemni pembeni, sote tumemzunguka, mikono inakwenda.

Kanuni yake ilikuwa moja tu. Kila akipumua, mtu aseme "Ehee." Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwitikiaji hasa, sisi tunamfuata. Mjomba akisinzia, bibi ananyamaza. Ananyamaza kabisa! Zimwi liko mlangoni, mtoto yuko ndani ya pipa, bibi anachambua karafuu zake kama hajui kinachoendelea. Mpaka tupige kelele, "Ehee bibi! Ehee!" Naye atasema, "Nilidhani nazungumza na makonyo."

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya watoto walioenda pwani kuokota kome. Mmoja anaweka kome wake mzuri juu ya jiwe, anamsahau, anarudi peke yake huku anaimba kujipa moyo, zimwi linamsikia. Linamtia ndani ya ngoma, linazunguka nayo vijijini. Likipiga, mtoto anaimba, watu wanastaajabu ngoma gani hii yenye sauti tamu, wanalilisha. Hadi linafika kijiji cha kwao na mama anaitambua sauti. Bibi alikuwa akifika hapo haimbi yeye. Tunaimba sisi. Yeye anapiga ungo kwa kiganja na kutuangalia mmoja mmoja, kama yeye ndiye mama na anamtafuta mwanawe kwenye sauti zetu. Nina miaka 51, mwili unanisisimka nikiandika hapa.

Alikuwa na ujanja mwingine. Akiona "ehee" zimekuwa za mazoea, anapotosha makusudi. "Basi papa akapanda mnazi..." Aliye macho anapinga, aliyelala anaitikia "ehee" na kuumbuka mbele ya wote.

Dereva wa Usiku, Mombasa

Niko na swali kabla ya ushauri. Hao watu wako wote ni wa pwani? Tanga imechanganyika.

Nauliza kwa sababu yalinikuta Kisauni, tulipokuwa tunawafanyia watoto wa mtaa masimulizi likizo ya Desemba. Mimi niliita kama nilivyozoea, "Paukwa!" Nusu wakaitika "Pakawa!" Nikaongeza "Sahani!" "Ya mchele!" "Giza!" "La mwizi!" Nusu nyingine wananiangalia tu. Kumbe wale wamelelewa na "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Hawakuwa na kiburi, mlango niliobisha haukuwa wao.

Siku iliyofuata sikusimulia kitu robo saa nzima. Kila mtu aliulizwa kwao wanaitaje, na sote tukamwitikia. Wazee waliokuwa wakicheza bao pale karibu wakaacha bao lao, wakaja kubishana nani anajua "Paukwa" nzima, ile ya kaondokea Chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, vijino kama chikichi. Kila mzee na maneno yake, na kila mmoja anaapa mwenzake amekosea. Watoto walicheka hadi wakalia. Hadithi yenyewe ya siku hiyo hata siikumbuki.

Nyar Alego

Huyo wa Kisauni amegusa penye jambo. Kubishana ni kuitikia pia.

Sisi ni chama cha akina mama, Nairobi, tuko 14. Tunakutana Jumapili, tunachanga, mweka hazina anahesabu, tunakunywa chai, basi. Nyanyangu aliwahi kunieleza habari za siwindhe, nyumba ya mama mzee walipolala wasichana zamani, usiku wanapigiwa sigana, yaani hadithi, na kufundishwa mambo ya watu wazima humo humo. Nikawaambia wenzangu, mbona tusifanye chama chetu kiwe na siwindhe kidogo? Nusu saa tu.

Zamu yangu nikaleta Simbi Nyaima. Ni ziwa dogo karibu na Kendu Bay, ukisimama pale ukingoni unaliona lote. Zamani palikuwa na kijiji, na usiku kulikuwa na sherehe ya pombe. Akaja ajuza amechoka, anaomba hifadhi, wakamfukuza kwa kejeli. Mwanamke mmoja tu akamkaribisha, akampa maji ya kuoga na chakula. Ajuza akamwambia, toka hapa usiku huu na watu wako. Mvua ikaja, maji yakapanda, kijiji kikazama.

Kabla sijashusha pumzi, mwenzetu mmoja anayetoka upande huo akadakia, "Na mume je?" Mume yupi? Akasema mume alikuwa kwenye pombe, mke akaenda kumwita, akakataa kutoka. Nikasema mimi sikuambiwa hivyo. Mwingine, Mluhya huyo, hajawahi kufika hata Kisumu, akasema mume hawezi kukosa, bila mume hadithi haina uchungu. Tulizozana hadi chai ikapoa. Mwanamke arudi kumvuta au aende na watoto? Aliyekuwa kimya tangu tuanze chama miaka mitatu nyuma akasema, "Mimi niliondoka." Akanyamaza. Hatukumuuliza. Mama mwenye nyumba alimwongeza chai.

Kuhusu lugha usiogope. Nasimulia kwa Kiswahili, nyimbo naziacha kwa Dholuo. Hawaelewi neno hata moja na wanaziimba kuliko mimi.

Mwana wa Kufikia

Niseme la upande mwingine, maana mnazisifu sana hizi hadithi.

Nilikuwa na miaka 10 hivi. Tuko kijijini, ukoo mzima uani, shangazi anasimulia ya mama wa kambo aliyemnyima mtoto chakula, akamtuma kuchota maji kwa pakacha. Mnaijua, kila kabila linayo. Sasa mama yangu wa kambo yuko pale pale, anamenya mihogo. Mwanamke huyo alinichukua nina miaka 4, hakuwahi kunitofautisha na wanawe. Wote wanamjua hivyo. Shangazi anaendelea kunogesha, wimbo wa mtoto anamlilia marehemu mama yake, watu wanaitikia, na mimi sijui nitazame wapi.

Nikasikia sauti moja inaitikia kuliko zote. Ni yeye. Anaimba sehemu ya mtoto, anapiga na kisu juu ya beseni. Hadithi ilipoisha akasema, "Wifi, umesimulia vizuri. Kesho zamu yangu, nami nitasimulia ya shangazi." Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Na kweli kesho yake alisimulia, sijui aliitoa wapi.

Kwa hiyo Baba Wawili, kabla hujasimulia angalia nani amekaa mbele yako.

Betri Juani

Mnaongelea kuitikia mtu. Sisi tuliitikia redio.

Tabora, miaka ya 80. Mama na Mwana ya Redio Tanzania, Debora Mwenda anasimulia. Redio ya baba ilikuwa na betri zilizochoka, kwa hiyo siku ya kipindi tunazianika juani tangu asubuhi, na mdogo wangu anakaa lindo kuku wasizidonoe. Mama yule akiwa ndani ya redio alikuwa anaita kama anatuona. Nasi tunajibu! Watoto 8 kwenye mkeka tunaijibu redio kwa nguvu zote, hadi mama anatoka jikoni kuuliza nani kaja.

Siku betri zikizimika katikati, kaka yetu mkubwa anaimalizia. Alikuwa anaongopa waziwazi, na kila mara anayeokoa watu ni mvulana wa darasa la sita, kama yeye.

Bibi wa Mawalih, Muscat

Mimi wajukuu zangu nawasimulia kwa sauti za simu, maana wengine wako Muscat, wengine Zanzibar, mmoja Uingereza. Naita "Hadithi hadithi!" natuma. "Njoo" ya kwanza inakuja baada ya dakika mbili, ya pili usiku, ya Uingereza inakuja kesho yake nishasahau nilikuwa nasimulia nini. Lakini yeye ndiye haruki hata moja. Basi nangoja mpaka anijibu ndipo niendelee. Hadithi moja ya Abunuwasi imenichukua wiki mbili.

Baba Wawili, Tanga

Ndugu zangu, nimesoma yote, mengine nimemsomea mke wangu kwa sauti. Kisa cha wifi kimemfanya acheke na kufuta machozi kwa pamoja. Leo ni Jumamosi, niwape ripoti ya jana.

Viti nimerudisha, kipaza sauti nimerudisha. Tumetandika mikeka uani kwa mama vitumbua. Yeye kila usiku huchagua mchele wa kuloweka, basi akatugawia nyungo nne na mchele wake, watu wakakaa kuuzunguka kila ungo, wanachambua mawe na chuya. Mimi nilidhani ni karafuu tu zinazofanya kazi hiyo ya mikono. Tulikuwa 13.

Nikaanza kwa kuuliza kwao wanaitaje. Mzee mmoja Mdigo akaita kwa kwao, mama wa Kisambaa akaita kwa kwao, dakika kumi zikaenda. Kisha nikatamba ya fisi na sungura, na "ehee" zikaja, siyo kwa kishindo, ila zinakuja. Katikati zikaanza kulegea. Nikakumbuka papa wa Pemba, nikasema, "Basi fisi alipoona hivyo, akapanda mnazi mpaka kileleni."

"Ehee," wakaitika. Wote! Mke wangu pia. Nikataka kulia.

Mara kutoka barabarani, nje ya ua, sauti ikapaa, "Fisi hapandi mnazi, bwana wee!"

Bodaboda. Alikuwa ameegesha pale anangoja abiria, kumbe anasikiliza tangu mwanzo. Uani kicheko, wanangu wanagaagaa mkekani. Nikamuuliza, "Sasa alifikaje juu?" Akasema, "Hakufika. Sungura ndiye alimwambia nazi zote chini ni mbovu, subiri zile za juu zianguke." Akaingia huku bado ana helmeti, akachuchumaa kando ya ungo wa watoto, na akaimalizia hadithi yangu kwa namna ambayo mimi sikuijua, ya nazi kumwangukia fisi mgongoni na ndiyo maana hadi leo anatembea amelegea nyuma. Simu yake ya abiria iliita mara tatu.

Ijumaa ijayo ni zamu yake. Kipaza sauti hataki. Ameomba mtu mmoja wa kumwangalizia pikipiki.