Naomba ushauri: namba za makutano zote ni chanya, lakini sura yangu imekataliwa

Mtafuta_Faiba: Ndugu wanajukwaa, nina ramani propa f (isiyopoteza nukta ukingoni) kutoka umbo la kialjebra X hadi Y, na fungu la mistari L juu ya X (linaloipa kila nukta ya X mstari wake). Nimethibitisha kwamba L·C, yaani namba ya makutano ya L na C, ni chanya kwa kila mkunjo C ambao f inaubana kuwa nukta moja, nikahitimisha kwamba L ni ampli kwa f, yaani kizidisho chake hupachika kila faiba (nukta zote za X ziendazo kwenye nukta moja ya Y) ndani ya nafasi ya projektivu. Msimamizi wangu amerudisha sura nzima bila maelezo. Nimekosea wapi?

Nukta_Iliyopulizwa: Pole sana. Mimi nilikwama nilipopuliza nukta moja ya bapa la projektivu, yaani kuweka mkunjo E mahali pake: E·E ni −1, kwa hiyo −E ni ampli kwa ramani inayoirudisha E kuwa nukta, lakini si ampli juu ya uso mzima, kwani mstari usiopita kwenye nukta hiyo hukutana na E mara 0. Nilipoongeza 2H (H ni mstari wa bapa hilo) mambo yalinyooka.

Mzee_Koni: Hilo hakuliuliza. Mwanangu, faiba zako zina daimensheni ngapi?

Mtafuta_Faiba: Nyingi zina 1.

Mzee_Koni: Na zilizobaki?

Mtafuta_Faiba: Ipo moja yenye 2, uso wa mistari (mstari mmoja kwa kila nukta) juu ya mkunjo wa jenasi 2, yaani wenye matundu mawili. Sikuona umuhimu wa kuitaja, maana mikunjo yake yote niliikagua, na sura inayofuata nimeshaijenga juu ya hitimisho hilo.

Mzee_Koni: Hapo ndipo penye kosa. Uampli kwa f hukaguliwa faiba kwa faiba. Daimensheni ikiwa 1, digrii (namba ya makutano) chanya juu ya kila kipande inatosha, lakini ikiwa 2, kigezo cha Nakai (1963) na Moishezon (1964) kinadai pia L², yaani namba ya makutano ya L na L yenyewe, iwe chanya. Anayeficha daimensheni huwapotezea wenzake muda.

Shahidi: Naona kisa hiki kimetungwa. Uso wa mistari, jenasi 2, kila mkunjo chanya: huo ni mfano wa mwanahisabati Mumford, ambamo L² ni 0. Hili ni zoezi la darasani.

Mtafuta_Faiba: Si zoezi, ndugu yangu, uso huo nilipewa na msimamizi mwenyewe. L² sikuwa nimeihesabu. Nimeihesabu sasa hivi, nayo ni 0.

Mzee_Koni: Basi L si ampli kwa f. Ukiwa na A iliyo ampli kwa f, nL + A itakuwa ampli kwa f kwa kila n isiyo hasi.

Mtafuta_Faiba: A ninayo. Lakini sura inayofuata inaitaka L yenyewe.