Sakafu ya wazi inavujia stoo: nyumba ya mawe, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum jamani, naomba ushauri. Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Unguja: kuta nene za mawe na chokaa, sakafu juu ya boriti za mikoko. Ghorofa ya kwanza kuna sehemu ya wazi tunapobarizi jioni. Chini yake stoo. Kila masika stoo inanuka uvundo, plasta inamumunyuka, na boriti mbili zimeanza kuoza pale zinapoingia ukutani.

Mwaka juzi fundi alipiga saruji juu yote. (Baba alinionya, nikajifanya mjuzi.) Ikapasuka, na maji yakishaingia hayatoki, maana saruji haipumui kama chokaa.

Sasa fundi mmoja anataka kumwaga lami. Mwingine anasema nibandue saruji, nirudishie chokaa ya kupondwa na nirekebishe mwinamo uelekee kwenye mlizamu. Mie naegemea huyu wa pili, ila naogopa vishindo vya kubandua juu ya boriti zilizochoka. Nianze na boriti au na juu? Na unyevu unaopanda kutoka ardhini na chumvi yake, nitautofautishaje na wa mvua?

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe nitafuata. Aliyepitia haya anieleze.